Kifurushi Kilichokataa Kufanana

Mama Hakiki hakuzaliwa na jina hilo, wala hana mtoto anayeitwa Hakiki. Wenzake ofisini ndio waliombandika, kwa sababu neno lenyewe halimtoki mdomoni. Ukimwambia chai iko tayari, atakuuliza kama umehakiki. Ukimwambia mvua inanyesha, atanyanyuka aende dirishani ajionee. Walioanza kumwita hivyo walikuwa wanamcheka, lakini yeye akalipokea kwa mikono miwili, akaliandika mpaka kwenye kikombe chake kwa rangi nyekundu, tena kwa herufi kubwa. Mwanamke wa ajabu huyu, nakwambia.

Kazi yake ni kufungasha. Si kufungasha unga wala sabuni. Anafungasha programu za kompyuta. Ofisi yao iko ghorofa ya juu kabisa ya jengo lenye lifti inayofanya kazi siku inayojisikia, na humo ndani watu wachache, feni moja ya kelele na nyaya chungu nzima ndivyo vinavyotengeneza mfumo wa Linux unaotumika kwenye kompyuta za zahanati na shule. Programu zinawafikia kutoka kwa waandishi wa kila pembe ya dunia zikiwa msimbo tu, yaani maandishi. Wao wanazijenga ziwe kitu kinachoendesheka, wanazipima, wanazifunga kwenye vifurushi, wanavitia saini ya kidijitali kwa funguo zao, kisha wanaviweka kwenye ghala la mtandaoni. Zahanati zinachukua humo bila kuuliza maswali. Ziulize nini? Saini si ipo.

Kifurushi cha Mama Hakiki kilikuwa mtambo wa lugha. Kuna lugha fulani ya kuandikia programu, waandishi wanaipenda sana siku hizi, na mtambo wake ndio unaosoma walichoandika na kukiendesha. Programu ya kusajili wagonjwa inakaa juu ya mtambo huo. Ya kugawa dawa, vivyo hivyo. Ya matokeo ya mitihani nayo imo. Mtu akiutia mkono mtambo, ametia mkono kila kilicho juu yake, na hakuna atakayejua mpaka maji yamemwagika.

Na mtambo wenyewe una kituko: umeandikwa kwa lugha yake mwenyewe. Ili ujenge mtambo mpya, lazima uwe na wa zamani wa kuujengea. Wageni wakielezwa hilo hukuna kichwa, wakauliza ule wa kwanza kabisa ulijengwa na nini. "Kamuulizeni aliyeujenga," Mama Hakiki huwajibu. "Mimi nauliza wangu umejengwa na nini." Hapo ndipo kanuni zake zilipoanzia. Mtambo wa kujengea ni lazima utoke kwenye ghala lao, ule waliouhakiki wenyewe. Ule unaopakuliwa mtandaoni ukiwa umeiva tayari, umejengwa na watu usiowajua kwa mashine usiyoijua, huo ni marufuku. Na kila toleo jipya lijengwe na watu wawili, kila mmoja kwa mashine yake, bila kuchunguliana. Mwisho wanalinganisha. Vifurushi vikifanana mpaka herufi ya mwisho, vinatiwa saini, vinakwenda. Visipofanana, hakitoki kitu.

Anayekamatwa na mtambo wa nje ananyang'anywa ufunguo, na tangazo linakwenda kwa wafungashaji wote kwenye orodha yao ya barua pepe. Aliyenyang'anywa ufunguo hadharani hapati tena kazi hii kwa urahisi, si hapo wala kwingine. Nani atamwamini?

Mtu wa pili alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa mwisho. Mwanamume mrefu, mpole, anayegonga kibodi taratibu kana kwamba anaogopa kuiamsha. Mama Hakiki ndiye aliyemwombea kazi, akaapa mbele ya Mkuu wa kitengo kwamba anamfahamu ndani nje. Nyumbani kwa shemeji kulikuwa na mapacha wachanga, na nyumba nzima ilimtegemea yeye.

Basi, Jumanne, vifurushi vikakataa kufanana.

"Rudia kulinganisha," Mama Hakiki akasema.

"Nimesharudia, shemeji."

"Rudia tena nikiona."

Akarudia. Kompyuta ikatoa jibu lile lile, havifanani. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, lakini mahali ilipokaa, jamani! Ilikuwa kwenye sehemu ya mtambo inayoshughulikia maneno ya siri, pale pale ambapo mtu mwenye nia mbaya angeanzia.

"Labda mashine zetu hazilingani," shemeji akasema.

Labda. Mama Hakiki akaziuliza zote mbili. Kuna amri fupi, ukiiandika, mashine inakutajia kila kifurushi ilichonacho ndani yake, toleo kwa toleo. Yake ikataja. Ya shemeji ikataja. Zikalingana neno kwa neno. Na mtu aliyefungasha vifurushi miaka yote hiyo, kwake yeye kilichofungashwa ndicho kilichopo. Hana kingine cha kutafuta. Msimbo ni ule ule, mashine zinalingana, kilichobaki tofauti ni watu. Watu wenyewe walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa yeye, ambaye anajijua. Hesabu ikaisha hapo.

Alimtazama shemeji juu ya ukingo wa kikombe, akasema tu kwamba kila mtu ajenge upya. Wakajenga upya. Kila mashine ikatoa kile kile ilichotoa mwanzo, tofauti ikabaki palepale imekaa kama mgeni asiyetaka kuaga.

Jumatano akaanza kuona mambo. Shemeji alikuwa amegeuza meza kidogo, kioo cha kompyuta yake kikawa kinatazama ukuta. Ukimsogelea, anafunga alichokuwa anakitazama. Wala hakufunga kwa papara. Alifunga kwa ule upole wake, na huo upole ndio uliomtia Mama Hakiki homa. Mwizi wa papara unamkamata. Huyu je? Halafu simu. Ikiita, anainuka, anatoka kwenda kwenye ngazi, anaongea kwa sauti ya chini mkono umefunika mdomo.

"Mbona unahangaika na ngazi, shemeji? Humu ndani simu hazisikiki?"

"Kelele za feni tu."

Feni ilikuwa imeharibika tangu asubuhi, hata panga lake halizunguki. Mama Hakiki akaitazama feni, akamtazama shemeji, akarudi kwenye kazi yake.

Alhamisi shemeji akamuuliza anatoka saa ngapi kwenda kula. Ebo! Muda wote waliokaa pamoja hajawahi kuuliza.

"Leo sina njaa," Mama Hakiki akajibu, akakaa kitini mwake kama msumari. Njaa ilimuuma mpaka akaona nyota mchana kweupe, lakini hakubanduka. Shemeji naye hakubanduka. Wakakaa hivyo, mmoja anamlinda mwenzake, kila mtu akijifanya anasoma. Mwishowe haja ikambana Mama Hakiki, akatoka mbio, akarudi mbio, akamkuta shemeji anafunga kitu kwenye kioo. Akajilaumu kwa chai aliyokunywa.

Jioni alimpigia simu mdogo wake.

"Mumeo hajambo?"

"Hajambo, dada. Kwani vipi?"

"Siku hizi anaongea sana na simu."

Huko kwao mtoto mmoja akalia, pacha wake akamsaidia. "Ni mambo ya kazi tu," mdogo wake akasema.

"Kazi gani anayoijua yeye nisiyoijua mimi? Tunakaa meza kwa meza."

"Dada, wewe Jumapili njoo ule hapa. Tutaongea vizuri."

Huyu mdogo wake amemlea kwa mikono yake, anamjua tangu anajifunza kudanganya. Sauti inapanda, maneno yanapungua. Mama Hakiki akakata simu. Kumbe na mdogo wake anajua! Au anadanganywa, anaambiwa amtulize dada mtu. Njia zote mbili zilikuwa mbaya, na yeye katikati hana pa kushika. Usiku ule alimgombeza mumewe kwa kuacha taa ya jikoni inawaka, na mumewe, mtu aliyemzoea, akaenda kuizima bila kuuliza.

Ijumaa mchana simu ya shemeji ikaita, naye akatoka. Safari hii alisahau kufunga kompyuta yake. Mama Hakiki alisikia hatua zake zikishuka ngazi, akainuka. Akakaa tena. Hajawahi kugusa mashine ya mtu. Kuchunguliana ni marufuku, na marufuku hiyo aliiweka yeye. Kisha akafikiria muuguzi wa zahanati fulani anayefungua kompyuta asubuhi, anaona sasisho lenye saini, anabonyeza kukubali. Toleo lilikuwa litoke Jumatatu, na shemeji naye alikuwa na ufunguo wa kulitia saini. Akajisemea liwalo na liwe, akazunguka meza.

Akakiona. Kwenye folda moja ya shemeji kulikuwa na mtambo wa lugha ulioiva, umepakuliwa kutoka tovuti ya waandishi wenyewe, jina lake refu halifichiki. Kitu kile kile walichokatazwa wasikiguse. Akatoa simu, akapiga picha ya kioo, akarudi kwenye kiti chake kabla mlango haujafunguka.

Shemeji akaingia, akatabasamu. "Mdogo wako anakusalimia."

"Nimezipokea," Mama Hakiki akasema.

Hakukimbilia kwa Mkuu, tumpe haki yake. Alikaa na picha ile saa nzima. Akinyamaza na shemeji akatia saini, ni kama naye ametia yake kwenye kitu asichokijua na kukisukuma kwenye kila zahanati. Akisema, shemeji amekwisha, na mdogo wake na wale watoto wamekwisha pamoja naye. Kumwita pembeni na kumuuliza? Alilifikiria hilo, akalitupa. Mtu anayefunika kioo, anayekudanganya kuhusu feni, utamuuliza akwambie nini? Atafuta kila kitu, atakuja na uso mkavu aseme umeota. Akapiga moyo konde, akaenda.

Mkuu wa kitengo alikuwa mtu mnene wa kutafuna kijiti cha meno, ambaye hapendi kuamua jambo kabla ya kuona wengine wameamua nini. Aliitazama picha, akaikuza, akaipunguza.

"Una hakika?"

"Wewe unamuuliza nani hilo swali?" Mama Hakiki akasema.

Mkuu akamwita shemeji. Akaja, akasimama kati ya kabati na mlango, akawatazama mmoja mmoja. Alipoonyeshwa picha, alibadilika rangi, lakini hakumtazama Mkuu. Alimtazama Mama Hakiki.

"Umeingia kwenye mashine yangu?"

"Jibu kwanza la kwako. Huo mtambo umeupakua au hukuupakua?"

"Nimeupakua."

"Kwa nini?" Mkuu akauliza.

"Nilikuwa najaribu kitu. Naomba niongee na shemeji kwanza. Sisi wawili."

"Hapa hakuna ushemeji," Mama Hakiki akamkata, na sauti ikatoka kali kuliko alivyokusudia. "Sema mbele ya Mkuu. Kama ni jambo safi litasemeka."

Shemeji akafungua mdomo. Ukimwangalia ungesema neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kisha akaufunga, akavuta pumzi, akatoa ule ufunguo wake, kifaa kidogo kama kidole cha mtoto ambacho huchomekwa kwenye kompyuta wakati wa kutia saini, akauweka mezani kwa Mkuu. "Basi tuache," akasema. Akachukua koti lake na kwenda zake. Lifti ilikuwa imegoma, wakamsikia anashuka ghorofa zote hizo, hatua kwa hatua, mpaka akapotea.

Tangazo likatumwa alasiri ile ile. Mama Hakiki aliliandika mwenyewe. Alijiambia kwamba mtu asiye na hatia angejitetea, angepiga kelele, angegonga meza. Alijiambia hivyo mara nyingi sana kwa mtu mwenye hakika.

Lakini kifurushi bado kilihitaji mtu wa pili, na kanuni ni kanuni. Mkuu, ambaye hakuwa amejenga kitu kwa mikono yake tangu alipokuwa mkuu, akatoa mashine mpya kabatini, akaisafisha, akaiacha ijenge mtambo usiku kucha yeye akiwa kwake amelala. Jumamosi asubuhi wakakutana ofisini wawili tu. Wakaweka kifurushi cha Mkuu kando ya kile cha Mama Hakiki, wakalinganisha.

Havikufanana.

"Hebu na hiki," Mkuu akasema, akaleta kile cha shemeji, cha Jumanne.

Kile cha Mkuu na cha shemeji vikafanana mpaka herufi ya mwisho.

Unajua wazo la kwanza lililomjia Mama Hakiki? Kwamba na Mkuu naye yumo. Haki ya nani! Alimtazama yule mtu na kijiti chake mdomoni, akaanza kupanga jinsi wale wawili walivyokula njama, lini, kwa nini, nani kamlipa nani. Alifika mbali. Ni pale Mkuu alipokohoa na kusema kwa woga, "Labda tuiangalie na yako," ndipo njama ile yote ikasambaratika, maana hakuna njama iliyowahi kuendeshwa na mtu mwoga kiasi kile.

"Yangu nimeiangalia," akasema. "Vifurushi vyake vinalingana na vyenu."

"Vifurushi, ndiyo," Mkuu akasema. "Na kisicho kifurushi?"

Mama Hakiki akataka kucheka. Kisicho kifurushi ni nini tena? Akaketi mbele ya mashine yake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile akaacha kuiuliza mashine ina nini. Akaingia mwenyewe folda kwa folda. Kwenye ile folda ya pembeni, ambako mtu huweka kitu kwa mkono bila kukifungasha, na ambako mashine huanza kutazama kabla ya kwingine kote, akaukuta. Mtambo wa lugha. Ulioiva. Kutoka tovuti ya waandishi.

Alikumbuka mara moja. Kipindi cha mvua muuguzi mmoja alilalamika kwamba programu ya wagonjwa inajikokota. Mama Hakiki, kutaka kujua kama uzito unatoka kwao au kwa waandishi, akapakua mtambo ulioiva, akauweka pembeni, akapima, akamjibu muuguzi, akapitiwa asiuondoe. Tangu hapo hawakuwa wametoa toleo jipya. Alipojenga hili, mashine ikaukuta huo kwanza, ikajengea huo. Na ile amri ya kutaja vifurushi haikuwahi kumwambia, kwa sababu haukuwa kifurushi.

"Lakini hata yeye alikuwa nao," akasema, na sauti ilikuwa imeshaanza kumponyoka. "Picha si hii?"

Akaitoa picha, akaikuza. Mbele ya jina la faili kulikuwa na siku, imeandikwa hapo kwa herufi nyeupe, hata mtoto angeisoma. Alhamisi. Vifurushi vilikataa kufanana Jumanne. Kitu kilichoingia Alhamisi kingeharibuje kilichojengwa Jumanne? Siku nzima alikuwa na picha ile mfukoni, akaitazama mpaka macho yakauma, na siku hakuisoma. Mama Hakiki huyo.

Mkuu akatoa kijiti mdomoni. "Sikiliza," akasema kwa upole. "Turudishe ufunguo wake kimya kimya. Tuseme ni hitilafu ya mitambo. Nani atauliza?"

"Nilimtangaza kwa watu wote."

"Najua, lakini..."

"Basi na hili linakwenda kwa watu wote. Na ufunguo wangu huu hapa." Akauchomoa, akauweka mezani, pale pale shemeji alipouweka wake.

Aliliandika tangazo la pili, akalifuta, akaliandika upya. Akasema mashine iliyochafuka ni yake, mtambo wa nje aliuweka yeye, ufunguo wa shemeji urudishwe siku hiyo hiyo, na yeye ameshatoa wake. Mwisho akaongeza mistari ya kuomba radhi, mirefu, yenye maneno mazuri. Lakini hakulituma. Alilibeba kwenye laptop yake mpaka nyumbani kwa mdogo wake.

Mlango ulifunguliwa na mdogo wake, pacha mmoja begani. Hakumpokea mkoba. Hakumwambia karibu. Alimpisha tu apite.

Shemeji alikuwa ameketi sakafuni sebuleni, anamvalisha pacha wa pili soksi, na mtoto anaivua kila anapovalishwa. Alimwona Mama Hakiki, akaendelea na soksi.

"Ilikuwa mashine yangu," Mama Hakiki akasema, bado amesimama.

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu Alhamisi anajua!" Ni mdogo wake aliyesema, na alishindwa kujizuia, mtoto begani akashtuka. "Aliona tofauti imekaa pale, akahisi kitu tangu Jumanne. Akaupakua huo mtambo wenu mliokatazwa, akaujengea pembeni, kikatoka kifurushi kama chako wewe, sawasawa. Ndiyo akajua una mtambo wa nje kwenye mashine yako na hujui. Unafikiri simu zote zile alikuwa anaongea na nani? Na mimi, dada! Ananiuliza nitamwambiaje dada yako, nikisema ofisini watamnyang'anya ufunguo mbele za watu. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri Jumapili, uje, ule, akwambie hapa pasipo mtu, uende ukajirekebishe mwenyewe. Mimi. Nilikuwa nakuonea huruma wewe!"

Mama Hakiki akatafuta kiti, akaketi.

"Na pale kwa Mkuu," akamwambia shemeji, "mbona hukusema?"

"Nilikwambia tuongee wawili. Ukasema hakuna ushemeji." Akaivuta soksi juu ya kisigino cha mtoto. "Ningesema pale, ingekuwa ni wewe umesimama kama mshtakiwa na mimi nimekaa. Nikashindwa. Halafu nikakasirika, sitaki kukudanganya. Nikasema acha aone mwenyewe."

Mama Hakiki akamgeuzia laptop asome lile tangazo. Shemeji akajipangusa mikono kwenye suruali, akasoma polepole, mstari kwa mstari, midomo inacheza. Alipofika mwisho akaweka kidole kwenye ile mistari mirefu ya radhi.

"Hii ifute."

"Kwa nini? Ndiyo kubwa hiyo."

"Hawa wa kwenye orodha hukuwakosea wao. Niambie mimi."

Kitu kile, mbele ya mdogo wake na watoto wawili, kilikuwa kigumu kuliko kuutoa ufunguo. Kuandika aliweza. Akaifuta mistari ile yote. Kisha akamtazama shemeji usoni, na yale maneno mazuri yalikuwa yametoweka yote.

"Nisamehe, shemeji. Nilikudhania mwizi."

"Siku nne," shemeji akasema. "Umekaa umenitazama siku nne. Umeacha kula unanilinda. Umesubiri nitoke, ukaingia kwenye mashine yangu. Nilikuwa nimekaa pale pale, meza ya pili. Kuniuliza tu, kuliuma nini?"

Mdogo wake Mama Hakiki akageuka, akaenda jikoni. Mtoto akaivua soksi tena.

"Nimekusikia," shemeji akasema. Akaisukuma laptop kuelekea kwa Mama Hakiki. "Sasa iko sawa. Itume."

Mama Hakiki akaweka kidole kwenye kitufe, akasita. Kwa ujumbe ule, mtambo wa lugha ulikuwa unahamia mikononi mwa shemeji. Kazi ya kujenga sasa ni yake, na kanuni inamtaka awe na mwenzake. Wakubwa wakiona Mama Hakiki amejirekebisha, huenda siku moja wakamrudishia ufunguo. Ilishatokea kwa wengine, mara chache. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuitambua.

"Na mtu wako wa pili atakuwa nani?"

Shemeji alifikiri kweli kweli kabla ya kujibu, kama anavyofanya na kila jambo.

"Sijui bado," akasema. "Ila wewe, hapana."

Hakulisema kwa hasira. Mama Hakiki akaitikia kwa kichwa, akabonyeza kitufe, na ujumbe ukaenda.